Nimepata diploma, lakini univesite itangoja kwanza

Siku matokeo ya Exetat, ule mutihani ya Leta ya kumaliza sekondari, ilitoka nilikuwa nafua. Yaya alinipigia simu akasema paka hii: "64, weye, 64!" na mi nikaacha nguo mu beseni nikakimbia mu barabara na sabuni ku mikono, na mbele nifike ku kona ba mama ba lupangu balikuwa tayari na poda, bakanimwangia kichwa mpaka miguu nikakuwa mweupe yote. Mama alilia. Papa hakulia, lakini alifunga magazini saa nane ya muchana, kitu mwenye hafanyaka hata siku ya feti. Option yangu ni Biochimie, na bantu bote benye balikuja kunywa ile jioni balikuwa na ulizo moja: sasa unaenda kufanya nini ku univesite?

"Midisini," papa alijibu. Alijibu mbele mi nifungue kinywa. Nikanyamaza, na ile kunyamaza ilinikaa mu roho wiki mbili nzima, juu mi nilikuwa nataka kusema kitu ingine kabisa. Nilikuwa nataka kusema: nipatie mwaka moja kwanza.

Minaandika hii leo juu minajua kuko bengi bamepata diploma mwaka hii na banabeba ile neno mu kifua, banaogopa kuisema ku nyumba. Mi niliisema. Haikukuwa rahisi, na haikuenda vile nilifikiri.

Kwetu huku Lubumbashi ile mwaka haina jina. Ukimaliza humanités, ile miaka ya mwisho ya sekondari, na huende univ, banasema tu "anakaa". "Na binti yako?" "Eh, anakaa." Na vile banasema ile neno unasikia kama muntu anasema juu ya mugonjwa. Kule Uingereza na Marekani ni kitu ya kawaida, bana jina yake, gap year, mutoto anamaliza sekondari anaenda kutumika ao kutembea inchi za bantu mwaka moja, kiisha anaanza masomo. Barua ya univesite ya Harvard, kule Marekani, ya kukubali banafunzi bapya, tangu miaka mingi, inabashauri kabisa bafikirie kungoja mwaka moja kama banapenda. Malia, binti ya Barack Obama, njo alifanya vile, alimaliza sekondari mu 2016, akaingia Harvard mu 2017. Niliikuta mu simu nikafurahi sana, nikaona nimepata mushahidi, nikamupelekea papa.

Papa alisoma polepole, na miwani, mpaka mwisho. Kiisha akaniambia: "Mama," (papa ananiitaka mama, juu nina jina ya mama yake) "ule, fasi yake inachungwa. Akirudia anakuta kiti yake. Weye nani anakuchungia kiti?"

Na ile ni kweli. Kule banageuza kitu kidogo sana, banasogeza tu tarehe. Huku kwetu hakuna muntu anakuandikia barua ati tunakungoja. Diploma yako haiozi, sawa, mwaka kesho utaenda kujiandikisha na benye bamemaliza mwaka kesho, hakuna atakufukuza. Lakini hakuna pia atakukumbuka. Kama haukujikumbusha weye mwenyewe, basi imeisha.

Nilifikiri papa anakataa juu ya heshima, juu anataka kusema ku kanisa binti yangu ni munganga. Nilimukasirikia. Ile kasirani ilidumu mpaka usiku moja umeme ilikatika, tukakaa inje ku baraza na mbabula inapasha mikono, na yeye akaanza kuongea bila mi kumuuliza.

Nilijuaka kwamba papa alisoma kidogo ku UNILU, univesite ya hapa Lubumbashi. Sikujua kwamba alikuwa mu mwaka ya pili, mu sayansi, ile mwaka ya 1990. Bale benye bako Lubumbashi na bamekomaa banajua ile namba. Usiku ya tarehe 11 kuamkia 12 mwezi ya tano, bantu baliingia mu kampusi kule Kasapa na visu, umeme ilizimika, banafunzi baliuawa. Ni wangapi, mpaka leo bantu habasikilizane. Papa ile usiku hakulala mu home ya banafunzi, alikuwa kwa yaya yake ku Kamalondo, alikuwa ameenda tu kula bukari na kwa bahati kuongea ikamukawisha. Asubuhi njo aliona benzake banapita na miguu, bengine bila viatu. Ubelgiji ikakata msaada, univesite ikafungwa, na banafunzi bakaambiwa barudi ku kwabo bangoje.

Papa akarudi Likasi akangoja. Mu Septemba ya ile mwaka shimo kubwa ya Kamoto kule Kolwezi ikaanguka, mukuba ikaanza kushuka Katanga yote, na mushahara ya kambo ikaanza kuchelewa, mwezi moja, mbili, kiisha unasahau kuhesabu. Papa akapanda ku lori ya noko yake, akasema ni kazi ya kusubirisha tu. Na vile univ ilifunguka tena hakukukuwa na feza ya kurudia, na kiisha 1991 ikakuja na ile pillage, bantu kuiba mu magazini na mu nyumba, na kiisha akaoa.

Akasema: "Miye sikuachaka masomo. Nilingoja tu."

Sikukuwa na jibu. Ile mbabula ilizima na tukaendelea kukaa. Nilielewa kwamba kwa papa hii "mwaka moja" yangu si mupango, ni neno yenye ilishamukula. Yeye hakuogopa kwamba sitakuwa munganga, aliogopa kungoja. Na mi vile nilikuwa namuletea habari ya Obama.

Kwa hiyo nilianza kuangalia ile woga yake kama kitu ya maana, si kama kizuizi. Nikaenda kuongea na dada moja wa lupangu yetu, hapa hapa, milango mbili kutoka kwetu. Yeye alipata diploma miaka tatu imepita na pursentage mzuri kunipita, na akasema anapumuzika mwaka moja. Leo ana batoto babili na anauzisha vitumbula asubuhi ku kona. Anafanya kazi yake vizuri, vitumbula yake inaisha mbele ya saa mbili, na anapenda batoto bake. Nilimuuliza tu: ilikuwaka namna gani? Alikuwa anageuza vitumbula mu mafuta, hakuniangalia, akasema ile mwaka hakukuwa na kitu ya kufanya yake mwenyewe. Mama yake alimutuma ku soko ya Njanja, dada yake alizaa akamuita akamutunzie mutoto, kambo aligonjwa akaenda kumulinda miezi mbili. "Kila muntu aliona niko bure. Binti mwenye anakaa, nyumba inamukamata."

Nimeandika ile maneno mu kaye yangu. Kwa kijana mwanaume naona ni tofauti kidogo, yeye akikaa anatoka, anaenda kutafuta, saa ingine anapotea mu mashimo ya kuchimba kule Kolwezi, ile ni hatari yake. Lakini binti mwenye anakaa hapotee, anakuwa mukono ya bantu bote. Na hakuna muntu mubaya mule ndani. Mama akiniambia nifue, nitasema siwezi, niko mu gap year? Kama mwaka haina kazi yenye kujulikana na saa yenye kujulikana, kazi ya nyumba itaijaza yote mbele ya Noeli. Ile njo ilinifanya nijue kwamba nisirudie kwa papa na neno "kupumuzika". Kupumuzika ni wiki tatu. Nilishapumuzika.

Sasa mi nilikuwa nataka ile mwaka ya nini? Nikajiuliza kwa kweli. Kichoko, ndiyo, mwaka ya mwisho ya humanités tulikuwa tunatoka ku masomo saa saba tunarudia saa tisa kwa marudilio mpaka usiku, tunasoma na tochi ya simu. Lakini kichoko si sababu. Sababu ya kweli ilikuwa hii: sikujua kama ninataka midisini, na sikujua kwa sababu sikukuwaka nimesimama karibu na mugonjwa hata siku moja, inje ya kambo. Biochimie yetu tuliisoma ku tableau. Tulichora mikroskopi, tukaandika majina ya kila sehemu yake, nikapata 9 ku 10, na sikukuwa nimeigusa.

Tantine yangu anatumika ku sentre de santé moja ku Katuba. Nikamuomba nikuje nisaidie mu vakansi, bila malipo. Akasema kuja, lakini ukuje saa moja, si saa mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa siku ya kupima batoto. Ba mama labda sitini, benchi haitoshi, bengine banakaa chini ku simenti, batoto banalia moja akianza bote banafuata. Kazi yangu ilikuwa kuandika ku fishi: kilo, tarehe, chanjo gani alishapata, ya surua ni ku miezi tisa, usikose. Na kupima mukono na ule mukanda mudogo wa rangi. Tantine alinionyesha: kijani sawa, njano angalia, nyekundu, chini ya milimita 115, unamuita muganga palepale. Mutoto wa kumi na kitu hivi, mukanda ikaingia mu nyekundu. Nikafikiri nimepima mubaya. Nikapima tena. Mama yake alikuwa ananiangalia mu macho, wa umri yangu, labda mi namupita, na alikuwa ameshajua mbele mi nijue. Nilimuita tantine na sauti yangu ikatetemeka, lakini mukono haukutetemeka. Niliona ile. Nilishangaa.

Lakini kitu yenye ilinikamata kabisa haikukuwa pale, ilikuwa mu kachumba ka nyuma, ku labo. Mzee wa labo anakamata tone ya damu ku kidole ya mugonjwa, anaitandaza ku kioo, anaacha ikauke, anaimwangia ile rangi ya Giemsa, anaosha, anatia tone ya mafuta na kuweka chini ya mikroskopi. Siku ya tatu akaniambia, mutoto, kuja uangalie. Sikuona kitu, paka rangi ya zambarau. Akasema ngoja, jicho yako ijifunze. Na kiisha nikaviona, tupete tudogo na kadoa kamoja ku kila moja, malaria yenyewe, ile yenye nilichoraka ku kaye. Nilikaa pale mpaka tantine akakuja kuniita mara mbili. Mzee akacheka akasema leo ba test ya haraka inafanya hii kazi mu dakika kumi na tano, lakini test inakuambia iko ao haiko, haikuambie ni mingi namna gani. Ile jioni ku bisi nilikuwa bado natafuta tupete ku ukuta.

Na sikujua kabla kwamba kuna masomo ya ile kazi, kwamba ISTM, ile shule ya juu ya tekniki za midisini hapa Lubumbashi, inafundisha labo, kwamba muntu anaweza kuichagua. Mu akili yangu kulikuwa munganga na basi. Wiki mbili ilinipatia swali mwenye miaka sita ya sekondari haikunipatia: midisini ao labo? Na hii si swali ya kujibu mbio juu foleni ya kujiandikisha inafunga.

Tukakaa siku ya yenga, kiisha kanisa, papa, mama, yaya, tantine na miye. Nilisema yote. Papa hakunikata. Mama aliuliza kama ni juu ya mwanaume, nikasema hapana mama, na nikaapa, na sikumukasirikia juu ni ulizo ya haki.

Yaya njo alinisaidia, na sikumutarajia. Yeye iko mu politekniki, anamaliza mwaka kesho. Akasema mu mwaka yake ya kwanza alikaa karibu na bijana benye bazazi balibachagulia, na bengi balianguka, bakarudilia, bengine bakageuka fakilte, na kurudilia ni minervali (feza ya masomo) ingine, silabusi ingine, bisi ya kila siku ingine. Papa anauzisha piesi za motoka, anajua kuhesabu. Nilimuona anahesabu. Mwaka ya kukaa bila minervali, na mwaka ya kuanguka na minervali mara mbili. Na ile mwaka yenyewe yaya bado iko ku masomo, kulipa babili kwa wakati moja, papa alikuwa anaenda kukopa, hakutuambia lakini mama alijua. Mwaka kesho nitabaki miye peke yangu ku listi.

Tantine alisema ile ya ukweli yenye ilinichoma: utasahau kemia. Na ni kweli, nimeshaanza kusahau, juzi nilitafuta namna ya kubalansi equation nikakwama. Kwa hiyo kila jioni saa kumi na mbili mpaka saa mbili ni kaye, na mama amekubali mbele ya bote kwamba ile saa mbili mi siko. Hata kama mugeni amefika. Ile kwangu njo ilikuwa ushindi kubwa kupita yote, msicheke.

Papa alibaki mwisho. Akasema: "Ninataka kitu yenye haitegemee maneno." Na mama, mwenye alikuwa amenyamaza tangu lile swali yake, akasema iko na likelemba mupya inaanza ku soko, ba mama kumi na babili, kila mwezi bote banatoa feza na moja anakamata yote. Atajiandikisha na ataomba kukamata wa mwisho. Wa mwisho inaanguka mwezi ya tisa. Ile feza ni ya kujiandikisha kwangu na minervali ya kwanza, na haiwezi kuguswa mbele juu haiko kwake, iko mu mikono ya ba mama kumi na moja bengine. Papa akaangalia mama muda murefu. Kiisha akasema sawa.

Nafikiria sana ile likelemba. Kule Marekani univesite inakuchungia kiti. Miye kiti yangu inachungwa na ba mama ba soko benye banauzisha nyanya na samaki ya kukausha, na kila mwezi mama yangu anapeleka yake hata siku biashara haikutembea. Sitaweza kuamka saa tatu nikisema nachoka.

Basi sasa niko hivi: asubuhi Katuba ku sentre, kutoka siku ya kwanza mpaka siku ya ine, tantine ananilipia bisi tu. Siku ya tano na ya sita niko ku magazini ya papa, naandika mahesabu. Kingereza nimeanza ku vili mara mbili kwa wiki, juu mzee wa labo alinionyesha kitabu yake ya parasites na ilikuwa Kingereza yote, na juu Zambia iko hapa karibu, unapita Kasumbalesa tu. Kuko ndugu ya mama kule Ndola, tunaongea kama naweza kuenda miezi mbili, papa bado hajakubali ile. Ataona.

Kuko siku inauma. Benzangu banatia picha ku WhatsApp, blouse nyeupe, oditware imejaa, na mi niko na sabuni mu mikono naosha vioo. Kuko muntu ku kanisa alimuambia mama "pole". Pole ya nini? Mama alirudi ameguswa na sikujua namna ya kumutuliza.

Wiki imepita nilimusindikiza rafiki yangu Kasapa kujiandikisha. Sikutaka kuenda, nikaenda. Foleni ilitoka mu mulango mpaka ku miti, jua kali, kila muntu na dosie yake mu plastiki. Nilimushikia yake wakati alienda kutafuta fotokopi, na foleni ikatembea, na mi nikatembea nayo, na ghafula nilikuwa mbele ya meza. Mama mwenye alikuwa anakamata makaratasi akanyosha mukono. Nikamupatia dosie ya rafiki, nikasema mwenyewe anakuja. Akaniangalia.

"Na yako?"

"Mwaka kesho," nikasema. Mara ya kwanza niliisema kwa muntu mwenye si wa kwetu. Akaandika kitu ku karatasi yake, akaita mwengine. Rafiki akafika na fotokopi anahema, nikamurudishia fasi yake, nikakimbia kupanda bisi ya Katuba, juu ilikuwa karibu saa saba na mzee wa labo alikuwa ameniachia vioo kumi na mbili za kupaka rangi.